Alienda Kupiga Picha Makaburini Iringa, Akarudi na Jina la Babu

Dada mmoja wa Mbeya, yuko kwenye maandalizi ya harusi, alipanda basi kwenda Iringa kufuata vitenge vya sendoff. Fundi akamwambia arudi saa nane. Kukaa bure hawezi, akaona kwenye simu kuna makaburi ya wanajeshi wa Jumuiya ya Madola hapo hapo mjini. Pametulia, pasafi. Akasema hapa napata picha kali.

Kufika, picha zikamshinda. Akaanza kusoma mawe. Jina, cheo, tarehe. Anahama jiwe hili kwenda lile, kila mmoja na jina lake.

Mpango huo haukuja wenyewe. Mwaka 1917 Waingereza waliunda tume ya makaburi ya vita, ikaweka kanuni: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, na jenerali asizidiwe wala asizidi kuruta. Maiti hazikurudishwa kwao. Ndiyo maana kijana wa ng'ambo amelala Iringa hadi leo, na bado anafyekewa nyasi.

Akampigia bibi yake, yuko Tukuyu.

"Shikamoo bibi. Hivi si ulisema babu yake babu alikufa kwenye vita ya Mjerumani? Nipo makaburini kwao huku Iringa, nimtafute?"

"Marahaba mjukuu wangu. Usijichoshe. Yule alibebeshwa mizigo, hakupewa bunduki. Mbeba mizigo nani amwandike?"

Bibi hakukosea. Mwaka 1916 jeshi la Jenerali Northey lilitoka Nyasaland, Malawi ya leo, likapita Tukuyu, na Agosti likaingia Iringa. Barabara za magari hakuna, punda na farasi wanakufa kwa ndorobo. Risasi, unga, mahema, vyote vilipanda vichwani mwa watu. Pande zote mbili zilifanya hivyo. Wapagazi walikufa kwa maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, wakaachwa njiani. Kariakoo unayoenda kununua nguo Dar ilipata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, Carrier Corps. Sanamu ya Askari ya mwaka 1927 pale Posta inawakumbuka kwa jumla tu. Aprili 2021 tume yenyewe ilikiri na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000, huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Yaani kanuni ya usawa ilikuwepo, ila mpagazi aliachwa nje ya mlango.

"Sasa bibi, alikuwa anaitwa nani?"

Bibi akacheka. "Wewe mtoto! Si hilo jina lako la mwisho? Ukoo mzima tunatembea nalo."

Dada akanyamaza. Jina hilo alishalifuta Instagram, eti la kizamani, halina mvuto. Hata kwenye kadi za harusi alikuwa ameshamwambia mchapaji aliondoe, liwekwe la mume mtarajiwa.

Kabla hajarudi kwa fundi akampigia mchapaji. Kadi zilikuwa bado hazijachapwa.

"Ongeza jina moja, kaka. Andika vizuri, lisikosewe hata herufi."

Akamtajia herufi moja moja, amesimama katikati ya yale mawe.

Wewe je, jina lako la mwisho lilikuwa la nani? Kama bibi yupo, mpigie leo.