Pijo la mjomba lilitoka wapi?

Wengi wetu tunadhani kusajili gari lililotoka nje ni suala la bahasha tu. Unakusanya makaratasi, unalipa ushuru, unasubiri namba. Kwa Vitz au IST iliyoshuka melini Dar es Salaam sawa, maana imekuja na cheti chake kutoka Japani na kila kitu kimeandikwa. Ila gari kuukuu ni habari nyingine jamani. Lina maisha ya watu ndani yake, na huku kwetu Lusahunga maisha hayo yanaweza kukukosesha usingizi.

Kwa wasiopajua, Lusahunga ipo wilaya ya Biharamulo, mkoani Kagera. Ni njia panda. Barabara moja inakwenda Biharamulo mjini hadi Bukoba, nyingine inakwenda upande wa Ngara hadi mpaka wa Rusumo, kilomita zisizofika 100. Malori ya kwenda Rwanda yanapita hapo usiku na mchana, na mjomba wangu ana gereji yake hapo hapo.

Basi bwana, mwaka jana mjomba akapenda gari Kigali. Peugeot 504, saluni nyeupe ya 1979. Sie tunaiita Pijo. Vijana wa leo wanaweza kucheka, lakini gari hilo lilishinda Safari Rally mwaka 1975 likiendeshwa na Ove Andersson, na tena 1978 likiwa na Jean-Pierre Nicolas. Kabla yake, Bert Shankland aliyekuwa akiishi Dar es Salaam alishinda 1966 na 1967 kwa kaka yake, 404. Mjomba anayataja majina haya kama mwingine anavyotaja kikosi cha Yanga.

Sheria nayo haikumzuia. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Uganda ilipiga marufuku yaliyozidi miaka 15 mwaka 2018. Sisi hatuna katazo la namna hiyo, tunakubana mfukoni: saluni iliyozidi miaka 10 inaongezewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 30 kwa sababu ya uzee wake, juu ya kodi nyingine zote. Mjomba alishapiga hesabu, akaridhika. Akamtumia mwenye gari malipo ya awali, kisha akanipigia simu.

"Mpwa wangu, kazi yako si kuuliza watu maswali? Twende Kigali."

Tatizo lilikuwa kwenye kadi. Ilikuwa safi, haina hata alama ya kufutwa. Lakini usajili wa kwanza nchini Rwanda ulikuwa wa 1995. Gari la 1979! Hiyo miaka 16 lilikuwa wapi, na kwa nani?

Mie sikuwa nimezaliwa 1994. Mjomba alikuwa kijana, utingo wa lori lililopeleka chakula cha wakimbizi. Kuanzia tarehe 28 Aprili mwaka huo, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa kama saa 24 tu. Walipelekwa Benaco, mahali palipobaki na jina la kampuni ya ujenzi ya Kitaliano iliyowahi kupiga kambi pale. Miongoni mwao walikuwemo waliokimbia kufa na waliotoka kuua, wote wakipanga foleni moja ya maji. Mjomba anasema aliona magari yenye namba za Rwanda yamepangwa pembeni mwa barabara, mengine yakiuzwa mkono kwa mkono bila karatasi, na waliokuwa wakiyauza hawakuwa wenyewe. Mpaka leo hapendi kulizungumza sana.

Sasa utaona kwa nini ile tarehe ya 1995 ilimtoa jasho.

Njia ya kawaida ya kuhakiki gari ni namba ya chasisi. Polisi wanaweza kuitafuta kwenye hifadhidata ya Interpol ya magari yaliyoibwa. Tuliomba, ikatafutwa, halikuonekana. Mtu mwingine angeshukuru Mungu na kumalizia malipo. Mjomba akasema, "Hiyo inajua magari ambayo wenyewe waliripoti. Aliyeuawa na mkewe na watoto wake wote, nani alikwenda kuripoti Pijo lake?"

Sikuwa na jibu. Bado sina.

Kigali tulikwenda watatu: mjomba, fundi wake na mie. Fundi akafungua boneti, akasugua bati kwa brashi ya waya na mafuta ya taa mpaka namba ikatokea. Msitegemee kukuta tarakimu 17 kama za magari ya siku hizi. Mtindo huo wa 17 ulishika kasi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Namba ya Pijo la wakati huo ni fupi, inaanza na 504 yenyewe. Fundi aliangalia mambo matatu. Je, iliyogongwa kwenye bati inafanana na ya kwenye kibao kilichopigwa ripiti? Je, tarakimu zimekaa sawasawa? Je, kuna alama ya kuchomelea pembeni yake? Vyote vilikuwa salama.

Halafu akasema jambo ambalo sisi wawili tulikuwa tunalitazama muda wote bila kuliona. "Usukani uko kulia."

Rwanda wanaendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo usukani wa magari yao huwa kushoto. Ukivuka Rusumo unabadilisha upande. Gari lililonunuliwa jipya Kigali mwaka 1979 lisingekuwa na usukani wa kulia. Labda uhamishwe baadaye, na usukani ukihamishwa matundu ya zamani lazima yazibwe. Fundi akaingia chini ya dashibodi na tochi, akapapasa ukuta wa injini. Hakuna tundu lililozibwa. Lilizaliwa hivyo. Kisha kwenye kioo cha nyuma cha pembeni akaonyesha herufi zilizochongwa, zimefifia, zikianza na K. Namba za Kenya za zamani, kabla ya mfululizo wa KAA.

Hapo ikabidi nifanye kazi niliyoitiwa. Mwenye gari ni mzee wa zaidi ya miaka 70, ametuwekea chai mezani. Unamuulizaje mtu kama gari lake ni la marehemu? Nikasema, "Mzee, samahani sana. Mwaka 1994 gari hili lilikuwa wapi?"

Alinyamaza kwa muda. Nilidhani atatufukuza.

"Lilikuwa Nairobi," akasema. "Na mimi nilikuwa Nairobi."

Wazazi wake walikimbia Rwanda mwaka 1959, yeye akiwa mtoto. Akakulia Uganda, akafanya kazi Kenya, akalinunua Pijo kwa mtu. Mwisho wa 1994, vita vilipokwisha na mamia ya maelfu ya wakimbizi wa zamani wakawa wanarudi, naye akarudi kupitia Kampala na Gatuna, watoto watano nyuma na magodoro juu. Pale Gatuna ndipo aliposhika upande wa kulia wa barabara kwa mara ya kwanza. Mwaka uliofuata akalisajili. Akainuka, akaleta picha: yeye na mkewe wamesimama mbele ya gari hilo hilo, namba inasomeka, na ni ile ile ya kwenye kioo.

"Wewe ni wa kwanza kuniuliza," akaniambia. "Nilikuwa nasubiri mtu aulize." Mjomba akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Fedha iliyobaki alilipa siku hiyo hiyo.

Usukani peke yake si ushahidi, wala picha peke yake. Ila bati, kioo, kadi na maneno ya mzee vilikubaliana, na katika kazi yangu ya gazeti mara nyingi sipati hata nusu ya hayo. Sasa Pijo lina namba zetu za njano. Nakala ya picha ile tuliiweka kwenye faili la usajili ingawa hakuna fomu iliyoidai. Fomu inauliza kama gari limeibwa. Haiulizi aliyekuwa nalo mwanzo yuko wapi.

Kwa hiyo ndugu yangu unayetaka gari kuukuu kutoka nchi jirani, fungua boneti, soma namba, angalia vioo. Na ukikuta usajili wa 1994 au 1995, muulize mwenyewe kwa adabu kabla hujatoa hela. Ukiona aibu, mtume mpwa wako.