Basi Namba 192: Kutoka Piccadilly Hadi Hazel Grove



Kila mji una njia yake moja ambayo kwayo mgeni hujifunza kuwa mwenyeji. Kwetu sisi tuliotua upande wa kusini wa Manchester, njia hiyo ni barabara ya A6, na mwalimu wetu wa kwanza ni basi namba 192.

Basi hili huanza safari yake Piccadilly Gardens, katikati ya jiji, na kumaliza Hazel Grove, mwendo wa maili tisa hivi. Hupita kando ya stesheni ya reli, likashika Ardwick na Longsight, kisha Levenshulme, ambako maduka ya vyakula huweka mboga nje na mtu aweza kupata bamia, ndizi mbichi na mchele wa magunia bila ya kutafuta sana. Baada ya Heaton Chapel barabara huteremka kuelekea Stockport, na hapo, upande wa kulia, hutokeza daraja la reli la matofali lenye matao 27, lililokamilika mwaka 1840. Inasemekana matofali yake yapata milioni 11. Mbele kidogo kuna bomba refu la moshi la kiwanda cha zamani, ambacho sasa ni makumbusho ya kofia, kwa kuwa Stockport ulikuwa mji wa watengeneza kofia. Kisha basi hupanda tena, likapita hospitali ya Stepping Hill, hata likafika mwisho.

Wengi wetu hatujui kwamba mabasi ya mji huu yana udugu na yale tuliyoyaacha nyumbani. Kampuni ya Stagecoach ilianzishwa mjini Perth, Uskoti, mwaka 1980, na ndugu wawili, Brian Souter na dada yake Ann Gloag. Oktoba 1986 sheria mpya iliyaachia mabasi ya Uingereza, nje ya London, yawe biashara huria: kampuni yenye leseni ilijichagulia njia, saa na nauli. Manchester ikajaa mabasi ya rangi kila namna, yakifuatana mkia kwa mkia katika barabara zenye watu wengi na kunyang'anyana abiria vituoni. Aliyetoka Kenya hakustaajabu. Sisi tulikwisha kuyaona hayo tangu mwaka 1973, Rais Kenyatta aliporuhusu matatu kubeba abiria bila ya leseni maalumu, nayo matatu yakaanza kuligombea basi riziki yake.

Basi lenyewe lililokuwa likigombewa riziki lilikuwa la Kenya Bus, kampuni iliyoanza kazi Nairobi mwaka 1934. Mwaka 1991 Stagecoach iliinunua sehemu kubwa ya kampuni hiyo, ya Nairobi na ya Mombasa. Miaka mitano baadaye, 1996, ikainunua kampuni ya mabasi ya kusini mwa Manchester. Kwa hiyo kwa muda wa miaka miwili hivi, mtu aliyepanda basi kwenda kazini Nairobi na nduguye aliyepanda basi Levenshulme walikuwa wakimlipa nauli tajiri mmoja.

Nakumbuka siku moja ya baridi, mwishoni mwa miaka ya tisini, nikingoja basi. Dereva mmoja mtu mzima, aliyekuwa amemaliza zamu yake, aliniuliza nimetoka wapi. Nilipomjibu, alicheka akanionyesha basi la ghorofa lililokuwa likipita. "Hilo nalo limetoka kwenu," akasema. Nilidhani ananifanyia mzaha. Baadaye nilikuja kujua kuwa alisema kweli. Stagecoach ilipouza hisa zake za Kenya mwaka 1998, baadhi ya mabasi yake ya ghorofa, aina ya Dennis Dragon, yaliyokuwa yakifanya kazi Nairobi, yalipakiwa melini yakaletwa Manchester kubeba abiria wa nauli nafuu. Yalivuka bahari kama sisi, yakabandikwa namba mpya, yakaanza kazi. Tangu siku ile sikujiona tena mgeni peke yangu katika barabara za mji huu.

Lakini undugu usitufumbe macho. Biashara huria ilileta mabasi mengi palipokuwa na faida, na pasipokuwa na faida ikayaondoa. 192 halikukosekana kamwe, bali mitaa ya pembeni ilipata taabu. Mimi mwenyewe, nilipokuwa nikifanya usafi wa ofisi usiku, niliamka siku moja nikakuta tangazo kituoni kuwa basi langu la saa tano limefutwa. Hapana aliyetuuliza. Miezi minne nilirudi nyumbani kwa miguu, mwendo wa saa nzima, mpaka nilipopata kazi nyingine. Aliye na gari hakuliona hata tangazo lile.

Hasara ya kukosa basi, hata hivyo, si ya miguu peke yake. Shangazi yangu alipokuja kuishi nasi mwaka 2004, alikaa ndani miaka mitano. Mombasa alikuwa mwanamke wa sokoni, wa harusi na matanga, asiyekosekana panapo watu. Hapa alikaa dirishani. Kila nilipomwambia atoke alijibu, "Mwanangu, Kizungu sikijui. Nikipotea nitamwuliza nani?" Hata baada ya Aprili 2008, wazee wa Uingereza nzima walipoanza kupanda mabasi bure kwa kadi nje ya saa za msongamano, kadi yake ililala kabatini.

Majira ya baridi ya 2009 binti yake alijifungua Stepping Hill. Mimi nilikuwa kazini, mke wangu safarini. Nikampigia simu kumwomba asubiri hadi jioni. Akaniuliza swali moja tu: "Basi lile la moja, tisa, mbili, si ndilo lipitalo hapo?" Kumbe kwa miaka yote ile dirishani alikuwa akiyahesabu. Nikamweleza alama za njia: daraja la matofali, bomba la moshi, kisha kilima, kisha hospitali. Nilipofika jioni nilimkuta amempakata mjukuu, kanga begani, akiwasimulia wauguzi kwa Kiswahili jinsi alivyokuja. Tangu siku ile hakukalika tena. Longsight kwenye soko alijulikana kwa jina.

Mambo yamegeuka tena. Kati ya Septemba 2023 na tarehe 5 Januari 2025, mabasi yote ya Greater Manchester yalirudishwa chini ya uongozi wa umma, yakapakwa rangi ya manjano yenye nembo ya nyuki. Kampuni bado huyaendesha, ila njia, saa na nauli hupangwa na mamlaka ya mkoa. Mwaka 2025, kikomo cha nauli kilipopanda kufika paundi 3 sehemu nyingi za Uingereza, hapa kilibaki paundi 2. Sisemi kwamba taabu zimekwisha. Nasema tu kwamba sasa basi likifutwa, yupo wa kumwuliza, naye ni mtu aombaye kura zetu. Basi na tujifunze kuuliza, na wenye wazee nyumbani wawatoe wakaione njia.

Shangazi alirejea Mombasa mwaka 2019. Kila nimpigiapo simu, baada ya salamu na habari za watoto, hunihoji, "Na basi langu je, bado lapita?"

Humjibu kwamba bado lapita, ila siku hizi limevaa manjano.