Bredauni ya Ami na chuma kilichokosa pa kupumulia

Leo kompyuta naiweka kando kidogo nizungumzie gari. Wenzangu wa kuandika programu msikimbie, mtajiona humu humu.

Ami yangu ana bredauni hapa Mombasa, lori dogo lenye kreni nyuma. Usiku hulilaza karibu na uwanja wa Makadara, maana vichochoro vya Mji wa Kale tunakokaa havipitishi lori. Siku moja mwaka 2023 niliketi naye mbele tukaenda kuvuta matatu iliyozimika kwenye mteremko wa feri ya Likoni, upande wa kisiwani. Maji yalikuwa yamekupwa, tena siku za bamvua. Wenyeji mnajua: maji yakikupwa namna hiyo feri hushuka nayo, mteremko unakuwa mrefu, na ile sehemu ya chini ni majimaji na utelezi mtupu.

Ami akafunga matatu, akatia gia ya kwanza, akaachia klachi. Nyuma tukasikia du-du-du-du! Magurudumu yanarukaruka badala ya kuuma saruji. Lori likateleza kurudi nyuma kama hatua moja hivi, Ami akakanyaga breki. Hatukusemezana. Mtu wa Mombasa hawezi kuona gari likirudi nyuma pale bila kukumbuka Septemba 29, 2019, gari liliporudi nyuma kutoka kwenye feri na mama na mwanawe wakazama. Mara ya pili Ami alikwenda polepole sana, tukapanda. Jioni, kwenye kahawa chungu, akaniambia, "Wewe umesoma. Nitafutie dawa ya ule mruko."

Basi nikafanya nilivyozoea kufanya programu inapoharibika: kwanza uone kosa lenyewe kwa macho. Nilifunga simu chini ya lori nikapiga video huku Ami akivuta mzigo. Nikaicheza polepole, na kila kitu kikawa wazi.

Ni hivi. Injini inapozungusha magurudumu kwenda mbele, nyumba ya ekseli nayo inasukumwa kuzunguka kinyume, pua ya difu ikainuka juu. Kwenye malori mengi kinachoizuia isizunguke ni springi zile zile zinazobeba mzigo. Mpango huu unaitwa Hotchkiss, jina la kampuni ya Ufaransa. Nguvu ikizidi, majani ya springi yanajipinda kama herufi S. Tairi likiteleza, springi inajinyoosha ghafla, tairi linauma tena, springi inajipinda tena. Huo ndio mruko. Na kila pua ya difu inapoinuka, krosi za propela zinafanya kazi kwa pembe mbaya na kwisha haraka.

Nguvu yenyewe si mchezo. Chukua injini ya Nm 250, gia ya kwanza ya 5 kwa 1, difu ya 5 kwa 1. Zidisha: Nm 6,250 kwenye ekseli. Ukiishikilia ekseli kwa chuma cha urefu wa mita 1 kinachoelekea mbele hadi kwenye chesisi, ncha ya chuma hicho inasukuma chesisi juu kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 640 hivi. Kikiwa cha mita 1.25, zinashuka hadi kama kilo 510. Ndiyo maana chuma kirefu ni bora kuliko kifupi.

Nikapata njia nne:

1. Kuongeza jani la springi. Rahisi, na mafundi wengi ndiyo wanayoijua. Lakini lori likiwa tupu linakuwa gumu kama mkokoteni, na tairi gumu hurukaruka vile vile.

2. Chuma cha chini ya springi chenye kipande cha mpira mbele. Pua ikitaka kuinuka, mpira unagonga springi karibu na jicho lake la mbele na kuizuia. Bei nafuu, lakini kinazuia upande mmoja tu, wakati wa kuvuta; ukifunga breki ekseli inazunguka upande wa pili na chuma hakisaidii. Tena kinaning'inia chini, kwenye ukingo wa feri kitakwaruza.

3. Chuma cha pembetatu kilichoshikana na ekseli juu na chini, ncha ya mbele imefungwa kwa pini kwenye chesisi.

4. Hicho hicho cha tatu, lakini ncha ya mbele inaning'inia kwenye kipande kifupi cha chuma kinachobembea.

Nikachagua namba 3, viwili, kimoja kila upande. Kina nguvu, hakina vikorokoro, na kwenye mchoro wangu hesabu ilikubali: kila kimoja kingebeba kama kilo 320 tu. Fundi wetu wa kuchomelea, mzee wa jua kali aliyeacha shule mapema, aliutazama mchoro kwenye kompyuta yangu akauliza neno moja: "Hiki kitapumulia wapi?" Nikamweleza habari za Nm. Akanyamaza, akachomelea.

Lori likiwa tupu, mruko uliisha kabisa. Nilitembea kifua mbele siku tisa.

Siku ya kumi Ami alikuwa amening'iniza pikapu nyuma, karibu na Makupa, gurudumu moja likaingia shimoni. Ikalia pah! Kishikizo cha mbele kiling'oka na kuipasua chesisi. Lori lilikaa gereji wiki nzima bila kazi. Ami hakunigombeza. Alilipa, na hilo liliniuma kuliko kugombezwa.

Kosa langu lilikuwa nini? Springi ikibanwa na mzigo, ekseli inapanda kwa duara linaloanzia kwenye jicho la mbele la springi. Chuma changu kiliilazimisha kufuata duara jingine, la pini yake. Ekseli moja haiwezi kufuata maduara mawili. Na bredauni si gari la kawaida: gari unaloliinua liko nyuma ya ekseli, kama mtu aliyekaa ncha ya ubao, kwa hivyo ekseli ya nyuma inaongezewa mzigo kuliko uzito ulioinuliwa, huku ya mbele ikipunguziwa. Springi inashuka sana. Tena vyuma viwili vigumu vinakataza upande mmoja kushuka shimoni peke yake bila kuupinda mwingine. Kwa ufupi, niliijaribu programu bila data, nikasema inafanya kazi.

Nilirudi kwa fundi. "Shikamoo fundi. Kile ulichoniuliza siku ile, nimekielewa." Akacheka, tukaanza upya na namba 4. Chuma kimoja tu, karibu na difu, urefu wa mita 1.25, bushi za mpira, na mbele bembea fupi iliyosimama wima. Bembea inakiacha chuma kiende mbele na nyuma springi inapofanya kazi, lakini haikiruhusu kwenda juu wala chini. Kwa hivyo ekseli inapanda na kushuka itakavyo. Inachokatazwa ni kuzunguka tu, wakati wa kuvuta na wakati wa breki pia. Chesisi tuliiongezea bati nene pale bembea inapofungwa. Safari hii tulijaribu na gari limening'inia, kabla ya kulipa.

Kama una lori lenye shida hii, kabla ya kununua chochote kaza yu-boliti, angalia bushi za springi na shokabsoba. Zetu mbili zilikuwa zimekwisha. Halafu pima lori likiwa tupu na likiwa na mzigo, uone ekseli imetembea kiasi gani. Chuma unachochagua lazima kikubali kote kuwili.

Juzi Ami alishuka tena Likoni, maji yamekupwa. Mimi nilikuwa kazini, akanipigia simu. Hakusema hujambo. Aliishika simu dirishani nisikie, na nilichosikia ni injini ikipanda tu, bila du-du-du.

Haya, tuonane wakati mwingine.