Nilivyoufikisha Mtandao kwa Mama

Mimi ni mkulima wa migomba katika Wilaya ya Rungwe, Mkoa wa Mbeya. Nina pia ng'ombe 2 wa maziwa. Leo nataka nikueleze juu ya antena niliyoifunga nje ya nyumba yangu. Nilikosea mara nyingi kabla ya kupatia. Nakueleza makosa yangu ili fedha yako isipotee kama ilivyopotea yangu.

Huku kwetu ni milima na mabonde. Nyumba yangu iko juu, karibu na barabara. Nyumba ya mama iko chini bondeni. Kutoka kwangu hadi kwake ni hatua 80. Nimezihesabu mwenyewe. Katikati kuna migomba. Kwangu simu inashika vizuri. Kwa mama haishiki hata kidogo, kwa sababu mlima unauzuia mnara.

Mdogo wangu wa kike anafanya kazi Muscat, katika nchi ya Oman. Kila Jumapili jioni hupiga simu ya picha, ili aonane na mama uso kwa uso. Simu ya namna hii hupita katika intaneti. Kwa ajili hiyo nilinunua ruta. Ruta ni kisanduku kidogo chenye laini ya simu ndani yake. Hupokea intaneti kutoka mnarani, kisha huigawa pale nyumbani bila waya. Mgawo huo ndio watu wanaouita waifai. Simu iliyo karibu huudaka.

Basi, mama alikuwa akipanda kuja kwangu kila Jumapili. Jumapili moja ya mwezi wa Aprili mvua ilinyesha mchana kutwa. Mimi nilisema nitamfuata ikikatika. Mama hakusubiri. Alipanda peke yake, tochi mkononi. Aliteleza njiani, akaanguka, na mkono wake wa kushoto ukavunjika. Wakati huo mimi nilikuwa ndani, nikimwambia mdogo wangu kwamba mama yuko njiani anakuja.

Usiku ule sikulala. Mama ana miaka 78. Alipotoka hospitali nilimwomba ahamie kwangu. Alikataa. Alisema, "Kaburi la baba yenu liko hapa. Nikihama, nani atalifagia?" Nikaona basi, mama hawezi kuufuata mtandao. Ni lazima mtandao umfuate mama.

Kwanza sikununua kitu. Ruta yangu ilikuwa sebuleni, chini, nyuma ya kabati la vyombo. Niliihamishia dirishani, upande wa kwa mama. Kisha nilishika simu nikatembea kuteremka. Mwanzoni mtandao ulikuwa ukikatika nikiwa hatua 15 tu kutoka mlangoni. Sasa ulifika hatua 40. Kuhamisha huko hakukunigharimu hata senti. Nawe anza hapo. Ukuta wa matofali hupunguza nguvu ya waifai. Bati ni baya zaidi, kwa maana waifai haipenyi bati. Hugonga na kurudi.

Jambo jingine nililojifunza ni hili. Ruta nyingi za siku hizi hutoa waifai ya namna 2. Moja huandikwa 2.4 na nyingine huandikwa 5. Ile ya 5 ina mbio, lakini huchoka upesi. Ile ya 2.4 hufika mbali zaidi na hupenya kuta vizuri zaidi. Kama unataka kufika mbali, tumia 2.4.

Lakini hatua 40 si hatua 80. Nikaenda mjini, nikanunua antena ya nje. Ilikuwa fimbo nyeupe yenye urefu kama wa mkono wangu. Nilinunua pia waya mwembamba wa mita 10. Nilitoa shilingi 60,000 za maziwa, na mke wangu hakufurahi. Nilifungua antena ndogo ya ruta, nikachomeka waya. Nikapanda juu ya nyumba, nikafunga fimbo ile kwenye mwanzi. Niliilaza, ncha yake ikitazama nyumba ya mama, kama mtu anayelenga kwa bunduki. Nilijiona fundi.

Nikateremka na simu. Mtandao ulikatika hatua ya 25! Ulikuwa umerudi nyuma. Jirani yangu aliyekuwa akinitazama aliniuliza kama ile antena ni ya kuleta mtandao au ya kuufukuza.

Nilikaa na aibu hiyo wiki 2. Halafu kijana mmoja anayetengeneza simu na redio sokoni alikuja kununua ndizi kwangu. Nilimwonyesha. Alicheka kidogo, kwa adabu, akasema, "Mzee, umefanya makosa 2."

Kosa la kwanza lilikuwa waya. Je, umepata kuona mfereji wa maji wenye nyufa? Maji huingia mengi, lakini yanayofika shambani ni machache. Waya wangu ndivyo ulivyokuwa. Waya mwembamba wa namna ile hupoteza karibu sehemu 9 kati ya 10 za nguvu ya waifai katika mita 10. Kwa hiyo antena yangu nzuri ilikuwa ikila makombo. Ziko nyaya nene zinazopoteza kidogo, lakini bei yake ni kubwa. Dawa iliyo rahisi ni kuisogeza ruta karibu na antena, na kutumia waya mfupi wa mita 1.

Kosa la pili lilikuwa kuilaza antena. Kijana alinieleza hivi. Antena haiongezi nguvu. Huikusanya tu ile nguvu ndogo iliyopo na kuielekeza. Kibatari humulika huku na huku, mpaka darini. Tochi yenye kioo hukusanya mwanga upande mmoja, nawe unaona mbali. Antena ya fimbo hukusanya nguvu na kuisukuma pembeni mwake, pande zote, kama ukindi wa kofia. Kwenye ncha yake hakutoki karibu kitu. Mimi nilikuwa nimemwelekezea mama ile ncha! Fimbo isimame wima. Ziko antena nyingine ambazo hulengwa kweli, kama zile za televisheni zenye vijiti vingi. Hizo hufika mbali zaidi, lakini kwa upande mmoja tu.

Nilimwuliza, "Simu ya mama ni ndogo. Nguvu ya kujibu itaitoa wapi?" Akasema antena ni kinywa na pia ni sikio. Inayosema vizuri kuelekea upande fulani husikia vizuri kutoka upande huohuo. Jibu hilo lilinipendeza kuliko yote.

Tukafanya kazi. Tulitoboa tundu dogo chini ya paa, upande wa bondeni. Ruta tuliiweka ndani kwenye kirafu cha mbao, juu, lakini mbali kidogo na bati, maana bati huwa la moto mchana na ruta haipendi joto. Waya mfupi ulipita tunduni. Nje tulisimamisha antena wima kwenye ubao uliochomoza kutoka ukutani, ikawa mbali na bati na juu ya majani ya migomba. Maungio ya waya tuliyazungushia utepe wa mpira, maji yasiingie. Maji yakiingia kwenye waya, umekwisha.

Nilitembea tena na simu. Hatua 40, bado upo. 60, upo. Nilifika kwenye kibaraza cha mama, na ulikuwepo. Ndani ya nyumba yake haukuingia, maana naye ana kuta za matofali na bati juu. Lakini kibarazani na jikoni upo, na mama hukaa huko siku nzima.

Ndugu msomaji, kabla hujaenda dukani, itazame ruta yako. Nyingine antena yake haifunguki. Nyingine hufunguka, lakini antena hiyo ni ya kusikiliza mnara, si ya kugawa waifai, kwa hiyo ukiibadilisha hutapata ulichotaka. Tazama pia maungio. Yako yanayofanana kabisa kwa nje, lakini moja lina sindano katikati na jingine lina tundu. Nenda na ruta yenyewe dukani, ujaribu palepale. Na ukiambiwa ununue mashine ya kuongeza nguvu ya mawimbi, usikubali haraka. Mambo hayo yana sheria. Uliza kwanza Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Neno la siri pia ni muhimu. Mtandao ukitoka nje, unatoka kwa wote. Vijana walianza kukaa kwenye ukingo wa shamba langu jioni, na fedha ya mwezi mzima ikaisha kwa siku 9. Nilibadili neno la siri. Sikuwagombeza, maana mmoja wao ni mwanangu.

Sasa nieleze habari ya radi, maana hapa nilijuta. Kijana alikuwa amenionya kwamba mawingu yakikusanyika nichomoe ruta kwenye umeme, na pia nitoe waya wa antena. Jioni moja mwezi wa Desemba nilikuwa nakamua. Nikasema nimalize kwanza. Radi ilipiga mparachichi wa jirani, ukapasuka toka juu hadi chini. Hakuna aliyeumia. Lakini mjukuu wangu alikuwa amesimama karibu na ile rafu, na aliona cheche. Ruta haikuwaka tena. Nilinunua nyingine kwa fedha ya mbolea. Sasa naichomoa mapema, mawingu yakiwa bado yako mbali. Radi ikishaanza kupiga hatugusi waya wowote. Waya wa kupeleka umeme ardhini husaidia, nami nimeufunga, lakini hauwezi kuzuia radi inayopiga antena yenyewe. Usifunge antena kwenye nguzo ya umeme, wala karibu na nyaya za umeme.

Mkono wa mama umepona, ila haukunyooka sawasawa. Jumapili hukaa kibarazani na simu, tumeiegemeza kwenye chungu. Saa 1 usiku hapa ni saa 2 usiku huko Muscat. Mdogo wangu hutokea, na mama humwuliza kila mara kama amekula. Mvua ikinyesha picha hukatika, kwa sababu majani ya migomba yenye maji huudhoofisha mtandao. Upo mgomba mmoja mkubwa uliosimama katikati kabisa ya njia ya mtandao. Nimemwomba mama ruhusa ya kuukata. Anasema aliupanda baba, na picha ikikatika yeye atasubiri.