Mbolea Nyingi, Ndago Zinachekelea

Leo twende Raskazone, kule Tanga kwenye nyumba za bustani na upepo wa bahari. Msinicheke nikiongelea majani. Binamu yangu anakula kwa kuyakata hayo hayo.

Bosi wake mmoja aliona ukoka umepauka na ndago zimejaa. Akaleta urea, akaamuru nusu mfuko umwagwe kwenye uwanja wa hatua kumi kwa kumi. Binamu akasema, "Bosi, itaunguza hiyo." Akajibiwa, "Kati yetu nani kasoma?" Akamwaga. Wiki haijaisha, ukoka ukawa rangi ya mkate. Kijana akatimuliwa, mshahara wa mwezi hakuuona.

Hebu tupige hesabu. Urea ina nitrojeni asilimia 46, si mchezo. Mita moja ya mraba inatosheka na gramu 10 hivi kwa mara moja, kwa hiyo uwanja ule ulitaka kilo moja. Ukapewa 25! Mbolea ikizidi inavuta maji kutoka kwenye mizizi, majani yanakauka. Ndago nazo zina viazi vyake chini ya udongo. Mvua iliponyesha zikachomoza za kwanza, jirani keshakufa, uwanja wote wao.

Ila kuunyima kabisa nako ni balaa. Ukoka wenye njaa unakonda na kuacha mapengo, na magugu ya jamii ya kunde, yanayojitafutia nitrojeni yenyewe hewani, yanahamia. Ukiulisha kwa kiasi unatandaa, unazifunika ndago, nazo kivuli hazikipendi. Mchanga wetu wa pwani haushiki mbolea, kwa hiyo weka kidogo kidogo, msimu wa masika na vuli, kisha mwagilia maji hapo hapo.

Huko Rothamsted, Uingereza, wanalipima jambo hili kwenye uwanja mmoja tangu 1856. Vipande visivyopewa mbolea vina mimea ya kila aina; vilivyoshibishwa nitrojeni vimebaki na aina chache tu. Yaani mbolea ndiyo inayoamua nani abaki uwanjani. Na sisi Tanga, tuliokuwa na kiwanda cha mbolea tangu 1972 hadi kikafa mwanzoni mwa miaka ya 1990, somo hili lisitupige chenga.

Mabosi, fundi wa bustani akisema inatosha, msikilizeni. Na mumlipe chake.