Jirani wa Mfongo

Njia ya kushuka Mto Umbwe, huku Kibosho, inapita katikati ya vihamba: migomba juu, mibuni kivulini, masale mipakani. Kisha ardhi inakatika, na ubaridi wa korongo unakupata kabla hujayaona maji.

Mama mmoja alikuwa anapandisha mzigo wa majani ya ng'ombe. Nikamwamkia, nikamwambia namtafuta fisi maji.

"Marahaba, mwanangu. Kama ni fisi maji, anza na mawe. Maji utayaangalia baadaye."

Juu ya jiwe bapa katikati ya mto palikuwa na kinyesi kikavu. Nilikivunja kwa kijiti, yakamwagika magamba ya kaa matupu, mekundu na ya kahawia. Hapakuwa na mwiba hata mmoja wa samaki.

Mwenyewe alitokea wakati wa magharibi. Ni wa ukoo wa nyegere na kicheche, koo jeupe, mwili mnene. Mkubwa wao hupita kilo 15. Vidole vyake vya mbele havina kucha, viko wazi kama vya mtoto mchanga. Aliingiza mikono yote miwili chini ya jiwe huku kichwa kikiwa juu ya maji, macho yakitazama ng'ambo, akapapasa kama asiye na haraka. Mara akamchomoa kaa. Akamtafuna na gamba lake, na sauti ya magego nikaisikia nilipojibanza. Nilitamani kila mtoto wa Kibosho angekuwa pale.

Juu kidogo lipo banio la mfongo, ukuta wa kugeuzia maji ya mto yaingie kwenye mfereji wa mashambani. Wachagga wanachimba mifongo tangu kabla ya Wajerumani kufika, na mabanio ya zamani yalijengwa kwa mawe, udongo na vigogo vya migomba. Yalivuja. Maji yaliyovuja ndiyo yaliyobaki mtoni, na kaa wakaishi humo. Banio la saruji halivuji. Wakati wa kiangazi linaweza kuusomba mto wote, na chini yake yakabaki mawe makavu.

Msitu wa juu uko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro tangu 2005. Hapa vihambani mwenye kauli ni kamati ya mfongo, na wanakamati ni wakulima wanaohitaji maji kweli kweli, siwalaumu. Ninachowaomba ni kidogo: wanapomwaga saruji, waache bomba moja chini ya ukuta, lisilo na koki, limwage mtoni usiku na mchana.