Kupanga Safari ya Nchi Kavu

Watu wengi hudhani kwamba safari huanza saa ile gari linapowashwa na mizigo imekwisha kufungwa. Mimi sidhani hivyo. Safari huanza mezani, penye ramani, kalamu na karatasi, na pengine huanza kwa ubishi. Aliyepanga vizuri amekwisha kwenda nusu ya mwendo kabla hajatoka uani kwake; na aliyekataa kupanga hujikuta katikati ya jangwa akitafuta kitu ambacho angalikipata kwa bei rahisi katika duka la jirani. Ewe msomaji, huenda siku moja ukapewa kazi ya kuongoza safari ya jamaa yako, au hata ya wanafunzi wenzako. Kwa hiyo yafaa usikilize habari ya mpango wetu, maana ndani yake mna hesabu, mna jiografia, na mna jambo jingine ambalo halimo katika vitabu vya masomo hayo.

Mimi ni mwalimu, na mume wangu ni seremala. Tuna watoto watatu: mvulana wa miaka 14, msichana wa miaka 11, na kitinda mimba wa miaka 6. Pamoja nasi anakaa mama mkwe wangu, ambaye watoto humwita Nyanya. Yeye alizaliwa na kulelewa Kitui, na magoti yake siku hizi hayampi ruhusa ya kwenda mbali kwa miguu. Twakaa Machakos. Katika likizo ya Aprili tulikubaliana kwamba likizo ya Agosti hatutakwenda pwani kama ilivyo desturi yetu, bali tutaelekea kaskazini, tukaone makorongo, mbuga za wanyama na jangwa la nchi yetu wenyewe.

Kila mmoja alikuwa na shauku yake. Msichana alitaka kuendesha baiskeli katika Hell's Gate karibu na Naivasha, mbuga ambamo mtu huruhusiwa kupita kwa miguu au kwa baiskeli katikati ya punda milia na twiga. Mvulana alitaka kuvuka jangwa la Chalbi mpaka Ziwa Turkana, kwa kuwa amesoma kwamba katika maziwa ya kudumu yaliyomo jangwani, hilo ndilo kubwa kuliko yote duniani. Na kwamba pande za Loiyangalani kuna mitambo 365 iliyosimamishwa ili kugeuza upepo kuwa umeme. Nyanya alitaka jambo moja tu: kuuona mlima wa Marsabit. Marehemu mumewe alikuwa utingo wa lori la ng'ombe katika ujana wake, akamsimulia habari za mlima wenye msitu na ukungu, uliosimama peke yake katikati ya nchi kavu. Nyanya alidhani ni chumvi ya wasafiri. Sasa alitaka kuthibitisha kwa macho yake.

Basi tulianza na korongo, maana ndilo lililo karibu. Mbuga ya Taifa ya Hell's Gate ilitengwa mwaka 1984. Maana ya jina lake ni Mlango wa Jahanamu, na mtu auonapo mvuke ukifuka kutoka ardhini hatashangaa kwa nini ikaitwa hivyo. Huko Olkaria mvuke huo umekuwa ukizalisha umeme tangu mwaka 1981. Ndani ya mbuga mna korongo liitwalo Ol Njorowa. Zamani za kale Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa kuliko lilivyo leo, na maji yake yalitokea upande wa kusini, yakaikata miamba kidogo kidogo mpaka yakaacha ufa mrefu wenye kuta ndefu. Mahali pengine ufa huo ni mwembamba hata watu wawili hawapitani kwa urahisi.

Hapa nakusihi usome polepole. Korongo ni kazi ya maji, na aliyejenga nyumba anaweza kuirudia wakati wowote. Katika nchi kavu ardhi ni ngumu na majani ni machache. Mvua kubwa inyeshapo haipati muda wa kuzama ardhini, bali hutiririka kutoka kila kilima na kukusanyika mahali pa chini. Maji yaliyokuwa yamefunika nyanda pana kwa kina cha kifundo cha mguu, yakiingizwa katika ufa mwembamba huwa marefu kuliko mtu kwa muda mfupi sana. Na ajabu yake ni kwamba mvua yenyewe yaweza kunyesha mbali, nawe uliye ndani ya korongo unaona mbingu nyeupe juu ya kichwa chako.

Hayo si maneno ya kutishia watoto. Aprili 2012 kundi la vijana lilikutwa na mafuriko ndani ya korongo hilo hilo, na wengine wao wakafa. Septemba 2019 maji yalishuka tena ghafula, yakaua watu saba. Na huko Marekani, katika jimbo la Arizona, watalii 11 walikufa tarehe 12 Agosti 1997 ndani ya korongo liitwalo Antelope Canyon, ilhali mvua iliyowaua ilinyesha kilomita nyingi kutoka hapo walipokuwa.

Nilipokwisha kuwasomea watoto habari hizo, kukawa kimya. Nyanya, aliyekuwa akichambua maharagwe, akasema bila kuinua macho, "Mto mkavu haukufa, umelala tu. Usitandike mkeka wako juu ya kifua chake." Kisha akatueleza jinsi walivyokuwa wakichimba visima katika mchanga wa mito ya Kitui wakati wa kiangazi, na jinsi mama zao walivyowafundisha kutazama vilima vya mbali kabla ya kushuka mtoni na vibuyu vyao. Wakiona wingu zito upande wa chanzo cha mto, walingoja juu ukingoni hata kama kiu imewashika. Nikatambua kwamba yale niliyoyatafuta katika vitabu kwa siku mbili, Nyanya alikuwa nayo kichwani tangu utotoni.

Basi tukaandika kanuni ya kwanza: korongoni tutaingia asubuhi, tukiwa na kiongozi, na baada ya kuwauliza askari wa mbuga langoni. Wakisema limefungwa, au tukiona wingu juu ya vilima vya kandokando, tutabaki nyandani na baiskeli zetu, wala hapana atakayenung'unika. Kanuni ya pili ilihusu laga, yaani mito mikavu ya kaskazini. Mchanga wake ni laini na miti ya kingo zake ina kivuli kizuri, hata msafiri aliyechoka huona kama kitanda kimetandikwa. Tukaandika: hatutapiga hema ndani ya laga, hata kama mbingu haina wingu.

Baada ya hatari ya maji kuwa mengi ikafuata hatari ya maji kukosekana, na hapo ndipo hesabu ilipoleta ubishi. Kutoka Naivasha tulikusudia kupita Gilgil, Nyahururu na Nanyuki hadi Isiolo. Kutoka Isiolo kwenda Marsabit ni zaidi ya kilomita 250, na barabara hiyo, ambayo zamani ilivunja magari na viuno vya abiria, sasa imetiwa lami mpaka Moyale. Hadi hapo hapana shida. Lakini baada ya Marsabit, mwenye kwenda ziwani kwa njia ya Chalbi huacha lami na kuingia katika nchi nyingine kabisa. Zamani sana Chalbi ilikuwa ziwa. Leo ni uwanda mweupe wa udongo na chumvi, wenye visima vichache kama vya Maikona na Kalacha. Jua likiwaka hapana kivuli. Mvua ikinyesha udongo hugeuka tope linalomeza magurudumu.

Mume wangu alikuwa ameahidiwa na ndugu yake gari refu lenye viti saba, ambalo magurudumu yake yote manne huvuta. Nikampa mvulana wetu karatasi, nikamwambia apige hesabu ya siku tatu za jangwani. Watu 6, kila mtu lita 5 za maji kwa siku, ni lita 30. Kwa siku tatu ni lita 90. Tukakadiria mitungi mitano ya lita 20, yaani lita 100. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo maji peke yake ni kilo 100, uzito wa mtu mzima na mtoto wake. Mafuta nayo: tulikadiria kilomita 500 za kwenda, kurudi na kupotea njia. Gari lililobeba mzigo mzito mchangani tulilihesabia lita moja kwa kilomita 6, hivyo ni kama lita 84. Ukiongeza theluthi moja ya akiba, ni lita 112. Tangi linachukua lita 80. Yahitajiwa mitungi miwili zaidi. Bado hujataja magurudumu mawili ya akiba, mahema, chakula, sepetu na mbao za kuwekea gurudumu likizama.

Mzigo wote huo haungeingia isipokuwa viti viwili vya nyuma vikunjwe. Viti saba vikawa vitano, na sisi tu watu sita.

Mvulana aliliona hilo kabla yetu. Akasema kwa upole, lakini akasema, kwamba kwa kuwa Nyanya hawezi kutembea mchangani, labda ingefaa abaki nyumbani. Mume wangu akafungua kinywa kumkemea, lakini Nyanya akamzuia kwa mkono. "Mwache, mwanangu," akasema. "Mume wangu huyu amepiga hesabu sawasawa. Mimi nitabaki na kuku. Wao wakaone ziwa lao." Akacheka, maana kumwita mjukuu wake mume wake ni utani wao wa siku zote. Ila baadaye nilipompelekea chai nilimwona ameketi kimya, na kitambaa alichokuwa akikishona kwa ajili ya safari kimewekwa kando.

Usiku ule mume wangu nami hatukulala mapema. Swali lilikuwa gumu kuliko lilivyoonekana. Mvulana hakuwa mbaya; alitaka kuona, na kutaka kuona ni chanzo cha elimu yote. Ziwa ni la kweli, na shauku yake ilikuwa ya haki. Lakini Nyanya ana miaka 74. Mtoto wa miaka 14, Mungu akipenda, ana Agosti nyingi mbele yake. Tena lilikuwako jambo jingine: kila aliyewahi kupita Chalbi tuliyemwuliza alitushauri kwamba haifai kwenda na gari moja, kwa kuwa likiharibika hapana wa kukuvuta wala wa kwenda kuleta msaada. Hata kama Nyanya angebaki, safari ya ziwani isingekuwa salama.

Asubuhi tuliwaita wote mezani, tukasema shauri letu. Safari itakoma Marsabit. Siku moja tutashuka pamoja na mwenyeji mpaka mahali uwanda wa Chalbi unapoanza, ili watoto wauone weupe wake, na ifikapo saa nane mchana tutakuwa tumegeuza gari. Ziwa halimo katika safari hii. Mvulana hakujibu. Alikunja ramani yake, akatoka nje, na kwa muda wa siku mbili hakutaka kuzungumza habari za kaskazini. Sikumlazimisha. Mtu aliyenyang'anywa jambo zuri ana haki ya kuhuzunika, hata kama lililomnyang'anya ni la busara.

Usidhani kwamba safari iliyofupishwa imekuwa safari maskini. Huko Samburu, kando ya mto Ewaso Ng'iro, tutatafuta punda milia wa Grevy mwenye milia myembamba na masikio mapana, ambaye idadi yake porini inakadiriwa kuwa kama 3,000 tu, na wengi wao wamo Kenya. Tutamtafuta pia choroa, na swala twiga asimamaye kwa miguu ya nyuma ili ale majani ya juu. Kisha Marsabit yenyewe. Mlima huo umefika kama mita 1,700 juu ya bahari, na kwa urefu wake hukamata ukungu unaopita juu ya nchi ya chini bila kuacha tone. Ndiyo sababu una msitu, na ndani ya msitu mna ziwa katika shimo la volkano ya kale. Humo ndimo alimoishi Ahmed, tembo mwenye pembe ndefu, ambaye mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri alindwe. Alikufa mwaka 1974, na mfano wake umesimama hata leo katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Basi zile hadithi za utingo wa lori hazikuwa chumvi, na Nyanya atakwenda kuziona.

Msomaji wangu, ukipanga safari usianze kwa kuuliza ni wapi pazuri, maana pazuri ni pengi. Uliza kwanza ni nani aliye dhaifu kati yenu, naye ataweza kwenda umbali gani. Uliza maji yatatoka wapi, na yakija ghafula mtakimbilia wapi. Kisha uandike, kabla hujaondoka, mahali ambapo mtageuka na kurudi. Mahali hapo paandikwe ukiwa nyumbani umetulia, kwa maana njiani tamaa husema kwa sauti kubwa kuliko akili, na kila mtu huona aibu kuwa wa kwanza kusema, "Turudi."

Karatasi ya mpango wetu imebandikwa ukutani jikoni. Juu yake mna tarehe, vituo, lita na majina ya wenye zamu ya kupika. Wiki iliyopita niliona mstari mpya chini kabisa, kwa mwandiko wa mvulana wetu. Ameandika: "Ziwa Turkana: magari mawili, maji lita 200, na Nyanya aketi mbele."